Maji Yenye Mgongo

Sihaba binti Mtoro ana ukaidi wa aina yake: habishani. Mwambie jambo lisilomwingia akilini, ataitikia "haya", kisha ataondoka akafanye analolitaka yeye. Mama mkwe wake, Bi Mwanamina, anaijua vizuri "haya" hiyo, na humchoma kuliko tusi.

Mwaka ule mto ulipofurika na kuyazoa mashamba ya delta, mumewe Twalibu alikuwa Kibiti akiendesha bodaboda. Shambani walikuwa wanawake wawili hawa, juu ya dungu lao la miti. Maji yalipanda upesi, mpunga ungali na maziwa katika masuke mengi. Wakavuna walichoweza, maji yakiwafika mapajani, mabivu na mabichi wakayatia kapu moja. Baada ya kula na kugawia jirani, kilichosalia ni debe moja la mbegu, likatundikwa juu ya moshi wa jiko.

Mbegu ile haikuwa ya dukani. Bi Mwanamina aliipata kwa mama yake, naye kwa mama yake, mpunga mrefu wenye harufu ambao ukipikwa nyumba ya kwanza, nyumba ya tatu wanauliza kuna mgeni gani. Magoti yalipomkatalia kuinama, alimkabidhi mkwewe. "Usije ukaniulia mbegu," alimwambia. Sihaba alikuwa akiogopa kauli hiyo kuliko mamba.

Ukaja msimu mwingine. Katika delta kupanda kuna mlango wake: mvua za bara zinashuka na mto, mto unaisukuma chumvi irudi baharini, na hapo ndipo mtu anapowahi kumwaga mbegu kitaluni. Ukikosea, hupati mara ya pili, maana chumvi hurudi. Na miche ikiwa dhaifu, kaa wanaikata usiku kucha kama waliopewa kibarua. Debe moja, kitalu kimoja, basi.

Sihaba alipepeta. Ungo ukatoa mapepe, yale maganda matupu yasiyo na kitu. Lakini waliovuna kabla ya wakati wana tatizo ambalo upepo hauliondoi: punje iliyojaa nusu. Kwa nje ni ileile, ganda lilelile, urefu uleule. Ndani, moja imeshiba na nyingine imeonja tu. Akachota konzi moja akaitia katika maji ya mto kwenye sufuria, maana kila mtu anajua punje mbovu huelea. Zilielea chache. Zilizozama akaziotesha ndani ya kifuu ili azione. Zikaota nyingine zimesimama, nyingine za manjano, nyembamba kama nywele, na nyingine hazikuota kabisa.

Basi kuzama si hoja, aliwaza. Maji ya mto yanamzamisha kila mtu.

Twalibu alipiga simu akasema waache, atatuma mbegu mpya kutoka Kibiti. "Haya," akasema Sihaba. Hakuacha.

Jibu alilipata akiwa ndani ya mtumbwi wa marehemu baba yake, akipeleka nazi juu mtoni. Ubavuni mwa mtumbwi ule mzee Mtoro alikuwa amechonga alama mbili, moja juu ya nyingine, zimeachana kwa nusu kidole. Ukipakia mlangoni mwa bahari, maji yasipite alama ya chini. Ukipakia mtoni, unaweza kujaza mpaka ya juu. Sihaba alipokuwa mtoto aliuliza kwa nini, mtumbwi si ule ule na mzigo si ule ule? Baba yake akamjibu, "Maji ya chumvi yana mgongo, mwanangu. Yanakubeba. Ya mto hayana mgongo, ukiingia nayo unadidimia. Anayejaza baharini akasahau kuwa anakwenda mtoni, atarudi anaogelea." Na ami yake mmoja aliwahi kurudi anaogelea kweli, nazi zake zikimtangulia, kijiji kizima kikicheka ukingoni.

Siku hiyo Sihaba aliutazama mstari wa maji ukipanda taratibu kuelekea alama ya juu, hali hajaongeza hata nazi moja. Akaacha kupiga kafi. Kama maji ya chumvi yanabeba kinachozama mtoni, basi yatazibeba punje zilizojaa nusu, na zilizoshiba zitayashinda. Shuleni wana jina la jambo hili, na mwalimu alilifundisha kwa chuma na pamba. Sihaba alilisikia, akalijibu kwenye mtihani, akalisahau. Mtumbwi hakuusahau.

Ila chumvi kiasi gani? Ikiwa kidogo, zilizojaa nusu zitazama. Ikizidi, hata nzima zitaelea. Akaenda kwa shoga yake Safina, ambaye huchemsha chumvi nyuma ya mikoko.

"Unajuaje maji yako yamekolea?"

"Natia yai bichi, shoga. Likikaa chini, bado. Likitoa kichwa kidogo juu, kama sarafu, nawasha moto. Kwani unaacha kulima?"

"Nataka kuosha mbegu."

Safina akashika kiuno. "Kwa chumvi? Sihaba, una wazimu? Tunakimbizana na chumvi mwaka mzima, wewe unaifuata na ndoo! Mama mkweo anajua?"

Hakujua, na alipojua, nyumba haikukalika. Alimkuta Sihaba uani, ndoo mbele yake, yai likipanda polepole kutoka chini kila konzi ya chumvi ilipoyeyuka. Na lilikuwa yai la kuku wake, Bi Mwanamina, limetolewa chini ya kuku bila ruhusa.

"Mwanangu, chumvi ndiyo iliyoua mashamba ya watu huku chini. Umeyaona kwa macho yako. Unaitia mbegu ya mama yangu humo?"

"Haikai, mama. Inaingia na kutoka, kisha naiosha kwa maji ya mto mpaka chumvi iishe."

"Niachie debe langu."

"Haya," akasema Sihaba, na akalimimina debe ndani ya ndoo.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akakoroga. Punje zikazunguka, zikatulia, na uso wa ndoo ukageuka dhahabu. Zilikuwa nyingi mno zilizoelea, zaidi ya nusu ya debe. Moyo ulimwambia azirudishe, labda nyingine zingeota, labda anatupa urithi wa watu. Aliogopa, na alizitoa zote kwa kawa. Akamwaga maji ya chumvi, akaosha zilizobaki maji baada ya maji, akionja kila mara. Kilichobaki chini kilikuwa kidogo hata aibu kukitazama. Zilizoelea akazitwanga akapika uji. Bi Mwanamina alikataa kuunywa, akaingia ndani akafunga mlango.

Sihaba alimwaga mbegu ile kitaluni kwa nafasi, akakaa dunguni akiwafukuza ndege. Mama mkwe hakumsemesha. Salamu ilijibiwa, basi.

Miche ikatoka. Haikuwa mingi, lakini ilitoka kwa pamoja, kimo kimoja, kijani kizito, na shina la kila mmoja nene. Kaa walipita wakaijaribu, wakaenda kwa majirani.

Siku ya kupandikiza Bi Mwanamina alishuka na fimbo yake, kwa mara ya kwanza tangu mafuriko. Akainama kwa taabu, akang'oa mche mmoja, akausuuza matope. Akautazama mzizi, mweupe na mrefu. Kisha akautia mdomoni, akaufyonza, akitafuta chumvi. Sihaba alisimama na tope hadi magotini, akimtazama mdomo.

Bibi akautoa mche mdomoni, akauchomeka ardhini kwa kidole gumba, akaushindilia vizuri.

"Mwakani," akasema, "ukitaka yai, uniombe."

"Haya, mama," akasema Sihaba, na safari hii wote wawili walijua ni haya ya kweli.