Jenerali Aliyestaafu Mara Mbili

Mwanangu, nnaikumbuka alasiri moja ya Hail, hapa Maskati, kama mtu akumbukavyo ndoto ya mchana: pazia jeupe linapumua, moshi wa udi unapanda bila haraka, na jenerali wa Kiingereza amekaa kwenye zulia la bibi yangu, miguu yake mirefu haijui pa kwenda.

Babu, aliyewahi kutumika jeshini chini yake, ndiye aliyemwalika chakula, kisha akasinzia palepale. Mimi, nimetoka chuo kikuu juzi, Kiingereza kinanitoka puani, nikawa mkalimani. Bibi akaanza kuuliza, sikungoja amalize. Nikampandisha mzee wa watu cheo baada ya cheo, luteni, kapteni, meja, kanali, mpaka mate yakanikauka.

"We mtoto," bibi akanikata, "nnakuuliza hali yake, unanisomea mabega yake! Saa hizi anafanya nini?"

"Ameshastaafu, bibi."

Basi bibi, aliyesomeshwa Kiarabu kabla ya kufundishwa kupika wali, alikuwa na tabia ya kuyarudisha maneno ya Kiswahili kwao akayakague. "Hapa Maskati huyo huitwa mutaqaid, aliyekaa kitako. Kustaafu asili yake ni kuomba msamaha. Yeye kamuomba nani?"

Nikaifasiri kama mzaha. Mgeni hakucheka. Akasema ana binti. Kila binti alipomhitaji, yeye alikuwa na kikosi. Miaka sasa hawasemeshani.

"Kawia ufike," akasema bibi. "Simu si anayo?"

Akapiga. Ilipopokewa, kwa mazoea akajitaja kwa cheo na ukoo, kama anayeripoti. Mimi na bibi tukaacha kutafuna halua. Mzee akafumba macho, akaanza upya kwa sauti ndogo: "Ni mimi, babaako. Nisamehe."

Sikusikia binti alijibu nini. Nnajua tu kwamba hakukata, na kwamba mgeni alilia huku akitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile aliyepona ni mgeni.

Mwanangu, cheo ni nguo ya kuazima, na wahenga walishasema haisitiri wapi. Ukipata ofisi yako Al Khuwair, mtaa wa wizara, na gari la viti vya ngozi (mimi vyote nnavyo, usinicheke), usingoje kustaafishwa ndiyo ustaafu. Omba radhi ungali kazini, tena kwa jina alilokupa mamaako.

Mungu akupandishe juu, na kila ukirudi nyumbani akukutanishe na mtu asiyekupigia saluti. Amin.