Msumari wa Kwanza

Fundi cherehani wetu hakutazami usoni tena. Katikati ya kila anachokitazama pameingia kiwi, kwa hiyo huelekeza macho pembeni. "Bega lako nalijua kuliko sura yako," hunitania. Nyuzi zake hutundikwa misumarini kwa mpangilio, ili azipate kwa kupapasa: mweusi msumari wa kwanza, mwekundu wa mwisho. Juzi mkewe alifuta vumbi, akazirudisha ovyo. Jana jirani aliyefiwa na mumewe alifuata gauni lake jeusi la mazishi. Mishono ilinyooka, yote kwa uzi mwekundu. "Limekaaje, dada?" fundi aliuliza, akipapasa pindo. Mjane alimtazama mke wa fundi, aliyejiziba mdomo. "Limenikaa sawasawa, kaka." Fundi alilitabasamia bega la mjane, kisha akanyoosha mkono kwenye msumari wa kwanza.