Alikozaliwa Shangazi Zena

Ipo asubuhi moja ambayo mpaka leo sijaisahau, mwanangu. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, nimeketi kibarazani kwa Shangazi Zena pale Kasingirima, Ujiji, daftari gotini, namuuliza maswali kama karani wa mahakama. Yeye alikuwa akichagua mchele. Nilimuuliza ghala la mawese la babu liliishia wapi, na ile boti yake iliyokuwa ikivusha chumvi ziwani ilichukuliwa na nani. Akasema hajui. Nikamuuliza mama yake alikuwa mtoto wa nani, na wa wapi. Akanyanyuka na ungo wake, akaingia ndani.

Sikumfuata. Nilibaki pale nikijiambia, huyu ndiye aliyekula mali yetu.

Mimi ni mtu wa kushuku tangu utotoni. Hata leo muuza migebuka akinichekea sana, namfunua samaki mashavu kwanza. Na katika ukoo wetu palikuwa na la kushuku. Babu yangu, Mzee Songoro, alitajwa Ujiji nzima kwa biashara. Alikuwa na ghala karibu na ufuko, boti ya injini, na nyumba hiyo ya Kasingirima. Alifariki kabla sijazaliwa. Nilipopata akili, kilichobaki ni nyumba tu, na ndani yake anakaa Shangazi Zena, dada yake baba kwa baba mmoja. Ghalani wamo watu wengine kabisa, wanauza saruji. Baba yangu naye alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Kila niliyemuuliza alinijibu, muulize shangazi yako. Na shangazi hasemi. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?

Huku nikila kwake kila siku. Hata nikichelewa nilikuta sahani yangu imefunikwa kawa. Nalitaja hili kwa sababu linaniuma.

Siku hizo palikuwa na bwana mmoja mjini, Hamadi, aliyekuwa akiwaandikia watu barua za madai. Maneno yake laini, shati lake halina kunyanzi. Sikumtafuta mimi, alinitafuta yeye, akanikuta mgahawani nakunywa chai. Akasema amesikia nahangaikia mali ya babu, naye atanisaidia bure kwa heshima ya marehemu. Hapo ndipo mimi, mshuku mkubwa, nilipopaswa kushuku, na sikushuku hata chembe. Akanieleza kwamba mali ya zamani hufuatiliwa kwa nasaba: nani kamzaa nani, kwa mke yupi, na kila mmoja kazaliwa wapi. "Hasa alikozaliwa," akasema. "Usiache nafasi tupu." Nikaona nimempata msomi.

Nikapanda gari la Kasulu, nikashuka Kidahwe kumtafuta Mzee Kagoma. Huyu alikuwa akikamua mawese na kuyapeleka ghalani kwa babu. Nilipompa shikamoo na kujitaja, alinishika uso kwa mikono miwili, akasema nina paji la Songoro. Alinihadithia mengi mazuri, ya mapipa na mizigo na vicheko vya babu. Mimi nilikuwa nasubiri jina moja tu. Nikamuuliza habari za Zena.

"Zena?" akacheka. "Zena alikuja na boti. Songoro alioa ng'ambo, Kongo huko, akaja na mke na kitoto mgongoni. Hata kutambaa kilikuwa hakijajua. Kiha tulimfundisha sisi."

Nilifurahi, mwanangu. Sikufichi, nilifurahi kama mtu aliyemkamata mwizi. Nikaandika: Zena, kazaliwa ng'ambo, mama mtu wa ng'ambo, nikapiga mstari chini mara mbili. Nikajisemea, ndiyo maana hataki kusema, pengine hata si mtoto wa babu. Mzee Kagoma aliiona kalamu inavyokimbia, akaacha kucheka.

"Hilo daftari linasomwa na nani mwingine?" akauliza.

Nikamjibu hakuna. Ulikuwa uongo, maana jioni ile ile nilimwachia Hamadi ili alinakili.

Wewe umezaliwa hapa, unajua tulivyo. Burundi ipo pale, Kongo ipo ng'ambo ya maji, na nyumba nyingi zina bibi aliyetoka upande wa pili. Hilo halimzuii mtu kuoa wala kuzikwa. Lakini mtu akiitaka nyumba yako hakuiti mwizi. Anauliza tu, kwa upole kabisa, huyu kazaliwa wapi.

Haukupita mwezi, Shangazi Zena akaitwa ofisi ya uhamiaji. Ilikuwa imepelekwa barua kwamba nyumba ya marehemu Songoro inakaliwa na mgeni asiye raia, aliyejifanya mrithi. Maneno ya barua yalikuwa yangu, mstari kwa mstari. Aliyeitaka nyumba alikuwa shemeji wa Hamadi, jirani wa shangazi ukuta kwa ukuta. Shangazi akaanza safari za benchi. Kila wiki alivaa baibui lake zuri, akashika mfuko wa karatasi zake, akakaa mpaka mchana, akaambiwa arudi. Nyumbani alifunga vyombo vyake kwenye mabunda, akaviacha mlangoni, asije akatolewa ghafla akaviacha. Mwanamke aliyekulia mtaa ule alikuwa akikinga maji bombani kichwa chini, asione nani anamtazama.

Nilimwendea Hamadi kulidai daftari. Hakukana wala hakuona haya. "Si ulisema mwenyewe unamshuku?" akaniambia. "Nami nimekusaidia."

Nikarudi Kasingirima, nikapiga magoti mbele ya shangazi, nikamwambia yote. Nilitamani anipige. Alinitazama tu, akafungua bunda moja, akatoa karatasi ya zamani iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa hati ya mauziano. Babu aliuza ghala na boti mwenyewe, kwa hiari yake, alipougua akaona hawezi tena kazi. Hakuna aliyemwibia mtu. Na shahidi wa mauzo alikuwa mkewe, mama yake Zena. Dole gumba lake lipo pale, na pembeni pameandikwa jina lake na kijiji chake cha ng'ambo.

"Ningekuonyesha hii, ungejua ghala halikuibwa," akasema shangazi. "Lakini ungejua na mama yangu katoka wapi. Nikaona bora unidhanie mwizi. Mwizi husutwa, basi, analala kwake."

Nililia, na mimi si mtu wa kulia.

Mzee Kagoma alikuja kutoka Kidahwe na fimbo yake, pamoja na bibi wawili wa Ujiji waliomjua shangazi tangu akiwa mgongoni. Wakatoa ushahidi kwamba ni binti halali wa Songoro, mwenyeji wa hapa, na shauri likafungwa. Nyumba ikabaki yake. Mzee hakunigombeza mbele za watu. Alinivuta kando, akasema, "Mimi nilikupa hadithi, wewe ukatengeneza shtaka." Kisha akapanda gari, akarudi kwake.

Shangazi aliendelea kunipikia mpaka alipokufa. Ila aliwahadithia wajukuu zake habari za mama yake, nyimbo zake na mapishi yake ya ng'ambo, na mimi nikiingia, alinyamaza. Miaka yote ile, mwanangu, nikiingia tu, ananyamaza.

Sasa juzi umeniletea fomu kwenye simu yako. Unasema yupo mtu ameingia kundi la familia, anasaidia bure kutafuta mali za Mzee Songoro, na anataka kila jina pamoja na mahali pa kuzaliwa. Nimeuliza huyo ni mtoto wa nani. Wewe hujui, na wenzako kundini hawajui. Na wajukuu wa Zena bado wanaishi katika nyumba ile.

Nasaha yangu ni hii. Ifuate nasaba yako, ni haki yako, na wapo wazee watakaofurahi kuulizwa. Lakini uliza habari za watu kwanza, mali baadaye. Mzee akinyamaza usikimbilie kusema anaficha alichokula, huenda anajikinga asiliwe yeye. Habari za mtu aliye hai hazitoki bila yeye mwenyewe kuridhia. Anayekuja kukusaidia bila kuitwa, mshuku yeye kabla hujamshuku anayekulisha. Fomu hiyo sitaijaza, na wewe ulichokwisha kujaza kakifute leo, kabla hujalala.

Mwenyezi Mungu akupe macho ya kumjua mtu, akuzuilie mkono usimdhuru wa kwenu, na akujaalie kila nyumba ya ukoo huu, ukiingia, waendelee kuzungumza.