Kisu ambacho Nzilani hawezi kukifungua

Saa mbili kasorobo asubuhi Kalunde Nzuki yuko njiani kwenda soko la Kabati, na vidole vyake vinakwenda mbio kuliko miguu. Kiondo ambacho hakijaisha amekibana kwapani, nyuzi za makonge zikining'inia chini kama ndevu za beberu. Anasuka bila kuangalia. Macho yake yana kazi nyingine. Yanamfuata bintiye Nzilani, wa miaka minne, anayerukaruka mbele na kurudi nyuma.

"Usiguse kiondo!" Kalunde anapaaza sauti. Mtoto hajakigusa. Alikuwa anaokota jiwe.

Begani ana kiondo kingine, kile cha kubebea vitu. Ndani yake, chini ya sukumawiki na shuka la mtoto, kuna kisu cha jikoni. Amekiviringia kitambaa, ncha ameichomeka kwenye gunzi la mahindi, juu yake akafunga kamba mara tatu.

"Na bado siamini," anasema. "Huyu alishaling'oa gunzi mara mbili. Ukimficha kitu, umempa kazi ya kufanya."

Katika kiganja cha kulia cha Nzilani kuna kovu linaloanzia chini ya kidole kidogo hadi karibu na gumba. Ilikuwa wakati wa kupalilia. Kalunde alisimama njiani kusalimiana na mwenzake, mazungumzo yakanoga, na mtoto akatia mkono kiondoni kutafuta kipande cha muwa. Akashika makali.

"Hakulia," Kalunde anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii vidole vinasimama. "Alinionyesha mkono tu. Akaniambia, 'Mama, maji mekundu.'"

Mkono ulishonwa zahanati, ukapona, na Nzilani amesahau. Mama yake hajasahau. Usiku anaamka kuangalia kiondo kimetundikwa wapi. Kanisani anakiweka katikati ya miguu yake, na wakati wa maombi anafumba jicho moja. Mama yeyote anayesoma haya, na ana kiondo au mkoba ukutani, hebu asimame kwanza akaangalie kina nini ndani. Gazeti litamngoja.

Mtu atauliza, si akiache kisu nyumbani? Hawezi. Tangu ukame wa 1984 ulipowamalizia mbuzi, vyondo ndivyo vinavyolisha nyumba. Mumewe ni kibarua huko Kiboko na huja mwisho wa mwezi, akija na chochote. Kikundi cha akina mama humlipa Kalunde shilingi hamsini na tano kwa kiondo kimoja, na kwa mwezi akijikaza hutoa vitano. Ili avitoe, lazima asuke akienda kuteka maji, akienda shambani, akienda matangani. Na kila uzi unapoisha, mwingine huunganishwa, na ncha inayobaki hukatwa. Bila kisu kazi inasimama.

"Kuna mkasi," anamwambia mwenzake wanayeongozana naye, Mumbua, kwa sauti ya utani, kwa sababu swali hilo wameshachoka kuulizwa.

"Mkasi!" Mumbua anacheka. "Makonge yanautafuna mkasi, wiki mbili unalegea kama meno ya bibi yangu."

Ndiyo maana leo Kalunde amefunga shilingi sabini kwenye ncha ya leso. Anataka kisu cha kukunja, kile cha mfukoni. Ni cha kwanza maishani mwake. Hata hajui jinsi ya kukichagua, na hilo linamkosesha raha kuliko bei. Wanawake wa hapa hawana desturi ya kuwa na visu vya namna hiyo. Jumapili iliyopita mama mmoja wa kanisa alimwuliza kama ameamua kuwa mwizi wa mabasi.

Mumbua anacho, ama alikuwa nacho. Mwaka jana alikinunua kwa mchuuzi sokoni. Kilikata vizuri siku tisa au kumi. Kisha akakitumia kutoboa mdomo wa kiondo, ili apitishe mkanda wa ngozi. Alisukuma ncha ndani, ncha ikakwama, bapa likajikunja na kumfungia kidole cha shahada.

"Kilinifunga kama mtego wa panya," anasema, akiinua kidole hicho, ambacho sasa hakikunjiki. "Na ukitaka kusokota uzi pajani bila kidole hiki, jaribu tu uone."

Vyondo vya Mumbua siku hizi vina uzi uliolegea. Mnunuzi akija kutoka Nairobi huvitenga upande wa vile vya bei ya chini. Kwa hiyo Mumbua amekuja leo na nia moja: mwenzake asirudi nyumbani na kisu cha aina ileile.

Wanapofika sokoni, wa kwanza kuwaona ni Nzomo, mchuuzi aliyetandaza gunia mbele ya maduka. Juu yake kuna vioo, redio, betri, vitana na visu vinavyong'aa hata kabla jua halijavipiga.

"Mwaitu, mama, karibu! Kisu hiki kina meno sita. Hili la kukata, hili la kufungulia chupa, hili la kutolea mwiba. Mzee wako akileta maneno, unamwonyesha hiki."

"Na hili dogo ni la nini?" anauliza Kalunde.

Nzomo anakigeuza. Anakigeuza tena. "Hilo ni la wazungu."

"Wewe Nzomo, unanikumbuka?" Mumbua anamsukumia kidole chake usoni. "Angalia meno yako sita yalichofanya."

"Aa, Mama, mimi nilikuuzia kisu, si akili!" Watu wanacheka. Mumbua hacheki. Kalunde naye hajasikia, kwa kuwa Nzilani tayari amechuchumaa kwenye gunia na amefungua redio moja upande wa betri. Anamvuta mkono, wanaondoka.

Duka la Mzee Shee liko mwisho wa safu. Babu yake alitoka pwani, yeye amezaliwa hapahapa Kitui, na Kikamba anakisema vizuri kuliko vijana wengi wa siku hizi. Anauza misumari, kufuli, kamba na taa za chemli. Mkewe, Sauda, ameketi nyuma ya kaunta akichambua mchele.

Mzee Shee anaweka visu viwili tu juu ya kaunta.

Cha kwanza kina mpini wa mti na bapa moja. Shingoni kina pete ya chuma. "Ukishakifungua, unaizungusha pete hii, hivi. Sasa hata udunge ukuta, hakijikunji. Shilingi sitini na tano."

Cha pili ni cheusi, kifupi, kizito, nacho kina bapa moja. Hakina pete. Kinashikwa na springi mgongoni, ngumu kiasi kwamba Mzee Shee mwenyewe anatia ukucha, anakaza uso, ndipo kinafunguka kwa mlio. "Hiki arubaini na nane. Lakini nisikudanganye, mwanangu. Hiki ni cha kukata. Ukidunga nacho, kitakurudia."

Mumbua hangoji. Anachukua kile cha pete, anaomba gunzi, analidunga kwa nguvu zake zote. Kisu kinasimama imara. Anadunga tena, na tena, na akiinua uso macho yanang'aa kwa machozi.

"Hiki," anasema. "Lipa hiki, Mama Nzilani. Lipa twende."

Kalunde anafungua ncha ya leso. Sarafu na noti ziko mkononi. Kila mtu dukani anajua kwamba mambo yamekwisha.

Lakini anasimama. Anamtazama Nzilani, ambaye yuko chini ya kaunta akipekua kufuli, ametoa ulimi nje kama afanyavyo akizama kazini. Kalunde anakifunga kile kisu cha pete, anakishika kidogo, kisha anainama na kumpa mtoto.

"We mama!" Sauda anasimama, mchele unamwagika. "Una wazimu? Mnyang'anye!"

"Niache kidogo, dada," Kalunde anasema. Amepiga magoti, mikono yake yote miwili iko wazi pembeni mwa ile midogo, karibu kuigusa.

Nzilani anakigeuza kisu. Anakinusa. Mgongo wa bapa umejitokeza juu ya mpini, laini, unashikika kwa vidole viwili. Anaubana, anavuta. Bapa linaanza kutoka bila kelele yoyote, na kabla halijafika nusu, mkono wa mama umelifunika.

Ilikuwa rahisi kuliko kumenya ndizi.

"Lete kile kingine, Mzee," Kalunde anasema.

Cheusi hicho Nzilani anakipokea kwa furaha. Anatia ukucha, unateleza. Anavuta kwa mikono miwili. Anajaribu kwa meno, Sauda anaziba macho. Anakigonga sakafuni, anakikalia, anakirudia tena uso umemwiva. Mwisho anakitupa chini na kuangua kilio cha hasira.

Kalunde anakiokota, anakipangusa kwa leso. "Nipe hiki."

"Hiki?" Mumbua anamshika bega. "Hiki ni ndugu wa kile kilichonikata! Umenileta hapa kufanya nini? Kalunde, mtoto anakua. Kidole hakioti."

"Najua."

"Hujui! Ungejua hungenunua."

"Mumbua, sikiliza. Mimi ukiniambia nisidunge, sitadunga. Nina masikio. Yeye ukimwambia asishike, ndio umemwonyesha mahali kilipo." Anahesabu pesa kwa haraka, kama anayeogopa kubadili nia. "Kutoboa nitatobolea nyumbani, kwa msharasi kama wa fundi wa viatu. Mikanda hutiwa mwisho. Njiani nakata uzi tu."

Mumbua anatoka nje, anakaa barazani, anawageuzia mgongo.

Mzee Shee anampa chenji, na kwa kuwa ni mtu asiyependa mteja arudi na lawama, anaongeza jambo ambalo Kalunde hakutaka kusikia. "Springi hulegea, mwanangu. Si leo. Mwaka, mwaka na nusu, ikitumika kila siku. Itakuwa laini."

"Na yeye atakuwa na miaka mitano na nusu," Kalunde anasema polepole. "Vidole vyake vitakuwa na nguvu."

"Ndivyo."

Kwa chenji ananunua ncha ya msharasi kwa fundi wa viatu, kisha anakuja kukaa barazani kando ya Mumbua. Anatoa kiondo, anatoa kisu, anatia ukucha. Ukucha unakatika. Anatia mwingine. Kisu kinafunguka kwa ule mlio wake, na nyuzi zinaanza kudondoka moja moja, safi, bila kuacha ndevu.

Mumbua anatazama kwa pembe ya jicho. Anavumilia, anavumilia, mwisho anashindwa.

"Gumba usiliweke hapo," anafoka. "Liweke pembeni. Na ukikata, vuta upande wako, usisukume. Usisukume kamwe, unasikia?"

"Nimesikia."

"Rudia."

"Sisukumi kamwe."

Mumbua anahema. Anasema kikundi kitakapokutana atawaambia wote, kwa kidole hiki hiki, wale waliokwisha kununua vya Nzomo na wale wanaovitamani: anayetaka kudunga atafute pete, anayetaka kukata tu anaweza kupona na springi, lakini mwenye mtoto mdogo ampe mtoto kwanza, akiwa amepiga magoti mbele yake, aone. Kalunde anamwomba asilitangaze hilo la mwisho. Kuna akina mama watakaompa mtoto kisu kisha wageuke kusalimiana.

Kisu cha jikoni bado kimo kiondoni, na gunzi lake. Kikifika nyumbani, Kalunde anasema, kitapanda juu ya kabati na hakitatoka tena mlangoni. Je, sasa atalala? Anacheka kidogo, kicheko kisicho na raha.

"Nitalala vipi? Umemsikia Mzee. Hiki kinalegea, huyu anakaza. Kila siku wanakaribiana."

Mpango wake ni huu. Kila mwisho wa mwezi, baba yake Nzilani akiwa nyumbani, wao wawili watakaa chini na mtoto katikati, mlango umefungwa ili kuku na majirani wasiwasumbue. Watampa kisu kikiwa kimefungwa. Kikikataa, kitarudi kiondoni mwezi mwingine.

"Na siku kitakapofunguka mikononi mwake," anasema, "sitakificha. Kukificha nimejaribu. Siku hiyo hiyo nitamkalisha hapa mapajani, nimpe uzi wa makonge, nimfundishe kukata. Afadhali ajue kwa mikono yangu kuliko ajue kama alivyojua mara ya kwanza."

Jua limeshapanda na safari ya kurudi ni ndefu. Kalunde anafunga kisu, anakitumbukiza kiondoni, anamwita mtoto, anapiga hatua chache. Anasimama. Anakitoa, anajaribu kukifungua kwa vidole vitupu, bila ukucha, kama mtoto angefanya. Kinakataa. Anakirudisha, anaanza kusuka, na kabla hawajapita nyumba ya mwisho ya soko mkono wake umeshazama tena ndani ya kiondo, unakitafuta.