Kusoma Tu Kulivyofuta Foleni ya Malori

Programu ya kuonyesha orodha ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka hapa Tunduma niliiandika mwenyewe, na nilijiona fundi hasa. Bosi wangu, Mama Nasra, akauliza, "Una hakika haitafuta kitu?"

"Mama, nimeiambia kompyuta ifungue faili la orodha kwa kusoma tu. Itafutaje?"

Ukweli ni kwamba kwenye amri hiyohiyo niliacha pia alama ya kufuta yaliyomo. Kitabu cha maelekezo kilisema alama hizo mbili zikikutana, matokeo hayajulikani. Mimi nikajiona nayajua.

Nikabonyeza mbele ya madereva waliojaa ofisini. Faili likafunguka tupu, halina hata jina moja.

Dereva mmoja Mzambia akainama kutazama. "Bwana, mimi nilikuwa wa kwanza."

Nyuma yake wote wakadakia, "Hata mimi!"