Mwaka Ambao Mzee Dale Alitaka Kutulipisha Kulungu

Ilianza Jumamosi, saa kumi na dakika tano alfajiri, mama alipowasha taa ya chumbani kwangu na kunikuta nimeshavaa kila kitu, nimekaa kitandani na kofia kichwani kama abiria anayeogopa kuachwa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Sasa nina kumi na saba, kwa hiyo naomba ruhusa ya kusema "enzi zetu" bila kuchekwa. Daftari hili ni langu, na nitakaowapa walisome ni nyie nyie tuliokua pamoja hapa Stafford, Texas, tuliokula chapati kwenye maegesho ya kanisa na sambusa kwenye maegesho ya msikiti, na kila mzazi alikuwa muuguzi au anasomea uuguzi.

Enzi zetu, mtoto alikuwa hapewi ratiba ya wikiendi. Unaamshwa, unaambiwa ingia kwenye gari, utajua mbele ya safari. Ila safari hii niliijua na niliisubiri tangu shule zifunguliwe. Ilikuwa ile wikiendi moja ya mwaka ambapo Texas nzima inawaachia watoto wawinde kulungu kwanza, kabla watu wazima hawajaruhusiwa kuanza. Baba hukataa kumwita kulungu. Anasema kulungu wa kweli yuko kwao Handeni, huyu wa hapa ni mbuzi aliyesoma. Lakini sisi tulimwita hivyo hivyo.

Mama hakwenda. Yeye kazi yake ilikuwa kupakia. Sufuria la pilau likafungwa kwenye blanketi kama mtoto mchanga, chupa mbili za chai ya tangawizi, kachumbari kwenye kopo la siagi, na ndimu mfukoni mwa koti langu kwa sababu anazozijua mwenyewe. Kisha akanishika mabega. "Ukishamlenga, sema bismillahi. Nyama ambayo jina la Mungu halikutajwa haiingii jikoni kwangu. Na useme usikike, si ule mumunyo wako wa kila siku."

Mumunyo wangu ulikuwa maarufu. Darasani walimu walikuwa wanainama kunisikiliza mpaka migongo ikawauma. Mtu pekee aliyenielewa bila kuinama alikuwa Wanjiku, ambaye aliongea kwa niaba yetu sote wawili, na ziada. Tulimpitia kwao saa kumi na nusu. Mama yake, Mama Wanjiku, alikuwa ametoka zamu ya usiku muda huo huo, bado na sare ya hospitali na viatu vya Crocs vyenye vibandiko vya maua. Alikuwa analea peke yake, anafanya kazi sehemu mbili, na bado hakukosa wikiendi ile hata mwaka mmoja. "Baba Salma," akamwambia baba yangu akipanda, "leo u-drive polepole, mimi nitalala, na nikiamka nipate tumefika." Kabla hatujapita Sugar Land alishaanza kukoroma, gari zima likinukia tangawizi na mdalasini, na mimi na Wanjiku tunabanana kiti cha nyuma tukicheka kitu ambacho hata sikikumbuki. Tulicheka tu. Mnajua kile kicheko cha alfajiri.

Mzee Dale alitusubiri kwenye lango la shamba lake, tochi mkononi. Alikuwa fundi wa viyoyozi pale hospitalini kwa baba mpaka alipostaafu, na urafiki wao ulianzia kwenye pilau la mama, ambalo alikuwa analimaliza kila Ijumaa na kurudisha kopo limeoshwa. Watu wazima waliokuja kuwinda kwake walilipa, tena vizuri. Watoto hakuwahi kuwatoza hata senti. Huo ulikuwa mwaka wetu wa tatu.

Asubuhi ile hakufungua lango mara moja. Aliegemea dirisha la baba. "Mwakani nafikiria watoto nao walipe kama wakubwa," akasema kwa kile Kiingereza chake cha kuvuta. "Majirani zangu wote wanatoza. Uzio unataka pesa, mahindi ya kuwavutia kulungu yanataka pesa, na mgongo wangu umekwisha. Nitaamua kesho tukinywa kahawa."

Wanjiku akanyamaza. Hapo ndipo nilipoogopa, maana Wanjiku hanyamazi. Baba angelipa akilalamika, ningerudi. Mama Wanjiku asingeweza, na kila mtu ndani ya gari alijua. Na mimi bila Wanjiku ningekaa pale mwakani siku mbili nzima nikizungumza na ndimu.

Lakini kwanza tuliwinda. Mimi na baba tulipanda kibanda cha mbao juu ya nguzo, wao wakaenda kingine ng'ambo ya bonde. Ubaridi ulipenya soksi mbili. Nyasi zilikuwa za kijivu, zikawa za kahawia, zikawa za dhahabu, na ghafla kulungu akawa amesimama, hakutembea kuja, akawa tu yupo, masikio yakizunguka. Baba akanigusa goti. Nikalenga kama nilivyofundishwa. Moyo ulikuwa unapiga kwenye meno. Nikakumbuka mabega yangu mikononi mwa mama, nikavuta pumzi zote za Texas, na mimi, Salma wa mumunyo, nikapaza sauti:

"BISMILLAHI!"

Kulungu aliruka juu kama kachomwa sindano, akapotea. Ndege wote wakapotea. Ng'ombe wa jirani wakaitikia. Bunduki hata sikuifyatua. Baba aliniangalia, akafungua mdomo anikaripie, akashindwa, akalala sakafuni mwa kibanda akicheka mpaka kofia ikamziba uso. Ng'ambo ya bonde, nikaja kuambiwa, Mama Wanjiku alishtuka usingizini akauliza, "Nani amekufa?" Wao nao hawakupata kitu. Kulungu wao alikimbizwa na mkoromo.

Jioni tulikula pilau nje, kwenye meza ya Mzee Dale, na mjadala ukaanza kabla sahani hazijajaa.

"Mimi nakubali tulipe," baba akasema. "Mtu akinisaidia bure mwaka wa kwanza namshukuru, wa pili namshukuru, wa tatu naanza kumkwepa."

"Wee, hebu niambie," Mama Wanjiku akaweka kijiko chini. "Huyo kulungu ni wa nani? Jana amelala kwa jirani, leo ameruka fence akaja kula mahindi hapa. Na jirani naye tumtumie kitu?"

Mzee Dale akacheka, akakubali kwamba kulungu si wake. "Lakini njia ya kumfikia ni yangu. Kibanda ni changu. Mtoto akivunja ngazi, ni ngazi yangu."

"Hawa watoto usipowafungulia," Mama Wanjiku akasema, "watakua wakijua shamba ni kitu cha kwenye simu. Halafu ukizeeka kabisa, nani atakuja kukuona? Wale wakubwa wanaolipa?"

"Sioni hasa cha kuwatoza," Mzee Dale akasema akitutazama mimi na Wanjiku. "Huyu nimtoze nini, kelele? Mmoja amenifukuzia ng'ombe." Wote wakacheka, na mimi nikacheka ndani ya shingo ya sweta. Kisha akauliza kwa upole, kama anayetaka jibu kweli: "Nyinyi mnasemaje?"

Wanjiku akatazama sahani yake. Mimi nilikuwa na jibu. Lilikuwa limekaa kwenye ulimi, limechana nywele, limevaa viatu. Halikutoka. Mzee Dale akasubiri, akatikisa kichwa, akaomba kachumbari.

Siku hizi mambo ni tofauti. Mdogo wangu Bilali ana miaka tisa, anakwenda kwa Mzee Dale na glavu zinazopasha moto kwa betri, na akifika kibandani anauliza nenosiri la intaneti. Chai ya tangawizi anasema inamwasha. Alfajiri anaamshwa mara nne, na ya tano anataka kwanza aoneshwe hali ya hewa. Anacholalamikia zaidi ni ile kazi ya mahindi na uzio ambayo kila mtoto huifanya pale siku moja kabla ya kuwinda. "Nani alianzisha hii?" huuliza, akijishika kiuno kama mstaafu. Mimi huangalia pembeni. Wanjiku sasa yuko Plano, mama yake alipata kazi huko, lakini wikiendi ile anasafiri kwa gari muda wa saa nne kuja kubeba magunia, anaongea njia nzima, naambiwa. Natamani Bilali angekuwa na mtu wa kubanana naye kiti cha nyuma. Ana kiti chake mwenyewe, na vipokea sauti masikioni.

Nirudi mwaka ule. Kesho yake asubuhi, Jumapili, baba alisali alfajiri akarudi kulala. Mimi nilitoka. Mzee Dale alikuwa peke yake nyuma ya gari lake, anajaribu kupakia gunia la mahindi, mkono mmoja kwenye gunia na mwingine kiunoni. Jibu bado halikutoka, kwa hiyo nikashika ncha ya pili. Tukapakia la kwanza. La pili. Kwenye la tatu, kwa kuwa sikuwa namtazama usoni, nikasema:

"Tutalipa hivi. Watoto wote. Usitutoze pesa."

Akashusha gunia. "Na uzio?"

"Na uzio."

"Na ngazi wakiivunja?"

"Wataigongelea wenyewe."

Akavua glavu zake akanipa. Zilikuwa kubwa na zinanukia mafuta ya gari. Nikakimbia hadi walipolala akina Wanjiku, nikamtikisa.

"Amka, twende tukalipe."

Wanjiku akafungua jicho moja. "Tukalipe na nini, na hatuna kitu?"

Nikamtupia glavu ya kushoto. Ya kulia nilikuwa nimeshaivaa.