Miwani ya Jua Juu ya Miwani ya Macho

Nakumbuka kiangazi kimoja, mwanangu, na kila nikikikumbuka moyo bado unanichoma. Ndicho kiangazi ambacho Riziki, mke wa shemeji yangu, alikuja kwenye kijito chetu huku Kashebere na miwani ya jua usoni. Kaka yake dereva alimletea kutoka Goma. Mimi niliolewa katika ukoo ule kabla yake, nami nilikuwa na miwani yangu ya macho kutoka hospitalini, minene kweli, wala hakuna aliyewahi kunisifu kwa ajili yake.

Unajua sisi wanawake tunavyovua. Tunaziba kijito kwa migomba na udongo, tunakomba maji kwa mabeseni, kisha tunaokota samaki matopeni. Lakini lazima mmoja atangulie, ayaangalie maji, aseme, "Tuzibe hapa." Mama mkwe aliifanya kazi hiyo tangu ujana wake, na sasa miguu ilikuwa inamchosha, akataka kumwachia mmoja wetu. Niliona ni haki yangu. Chanda chema huvikwa pete, nami chanda nilikuwa mimi! Kumbe Riziki, kila tukienda, anaonyesha samaki kama mtu anayeonyesha kuku uani, kwa sababu miwani ile ilimwondolea mng'ao wa maji. Usingizi ukanipotea. Wanasema hasidi hana sababu, lakini mimi nilijiona ninazo tele.

Basi nikaenda kwa wauzaji wa barabarani, nikachagua miwani nyeusi kuliko yake. Nilidhani weusi ndio dawa. Asubuhi nikavua ile ya macho, nikaifunga kwenye ncha ya kitenge, nikavaa hiyo, nikatangulia kwa madaha.

Mwanangu, sikuona kitu. Maji yaling'aa vilevile, ila sasa yaling'aa gizani. Nikaona kivuli kinatikisika, nikapiga kelele, "Iko hapa! Mufunge!" Wanawake wakaziba, wakakomba maji mpaka jua likawa la utosi. Chini tulikuta majani yaliyooza na ndala moja.

"Mama Neema, sasa samaki iko wapi?" mmoja akaniuliza, akijishika kiuno.

Mama mkwe alinitazama bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. "Mutoto wangu, weye haukuona samaki. Wivu yako njo iliiona. Juu ya nini ulitoa macho yako, ukatafuta ya Riziki?"

Riziki akavua yake, akanipa. "Dada, vala ya kwako kwanza. Hii yangu utie juu yake."

Ilikuwa pana, ikakaa juu ya yangu bila kubana. Nikaona mawe, nikaona mizizi, nikaona kambale amelala kando ya jiwe. Utadhani nilishukuru. Wivu ulizidi, nikamrudishia hata kabla hajamaliza kutabasamu. Jioni ile mama mkwe alimkabidhi Riziki kazi yake, na mpaka leo yeye ndiye anayetangulia. Mimi namfuata na beseni langu.

Kwa hiyo, wewe unayevaa miwani na unapenda kuvua, nisikilize. Usivue ya daktari ili uvae ya jua. Tafuta iliyo pana uivae juu yake, ama vile vioo vya kubana mbele yake. Na ukijaliwa, mtu wa macho akutengenezee ya jua kwa kipimo chako. Kabla ya kununua, tazama nayo simu iliyowaka huku ukiizungusha miwani polepole. Kioo cha simu kikififia halafu kikarudi, ndiyo yenyewe inayoondoa mng'ao wa maji, ile wenye duka huiita polarize. Isipobadilika kitu, rudisha, hata muuzaji akuapie kwa mama yake. Vijito vyetu viko chini ya miti, basi chagua rangi ya kahawia. Nyeusi sana itakuongezea giza bure. Na uifunge kamba shingoni, maana maji hayarudishi.

Dawa ya wivu sina. Bado ninamtazama Riziki kwa jicho la pembeni. Ila kuuliza si ujinga, na siku ile ningemwuliza tu, "Riziki, hii inafanya kazi namna gani?", angenieleza yote, nami leo huenda ningekuwa mbele. Maneno hayo machache yalinishinda kutamka. Wewe yasikushinde.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akuonyeshe samaki wako, na wa mwenzako akufichie.